Wodini Moshi, kliniki Arusha: nilivyotibiwa kujidhuru

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayejiumiza kwa siri, au ndugu aliyegundua juzi tu na hajui aanzie wapi. Sitasema nilitumia nini wala nilifanyaje. Daktari wangu alinieleza kwamba maelezo ya namna hiyo humwamsha mtu aliyekuwa ametulia, na najua ni kweli kwa sababu yalishawahi kunifanyia hivyo mimi. Nitasema yaliyobaki: hospitali, pesa, ndugu, kazi, na ushauri nasaha ambao ndio ulionipa nafuu hasa.

Nilianza nikiwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Nilipofika chuo nikaacha, nikajiona nimepona. Ikarudi nikiwa mtu mzima, nimepanga chumba Sakina, Arusha, mhasibu kwenye kampuni moja ya utalii. Anayeifahamu Arusha anajua masika yalivyo: Aprili wageni wanakatika, magari yanaegeshwa, ofisini mnalipwa nusu au mnaambiwa mkae nyumbani mpaka Juni. Sisemi masika ndiyo yaliyonifanya nijidhuru. Nasema tu kwamba kipindi kile nilishinda chumbani peke yangu, sina pa kwenda wala wa kuongea naye, na jambo nililokuwa nikilifanya mara mojamoja likawa la karibu kila usiku.

Aliyegundua ni mama mdogo, na aligundua mapema kuliko nilivyodhani. Desemba tulipanda wote nyumbani Kibosho kama ilivyo kawaida ya Wachaga. Tukiwa tunaosha vyombo, wanawake tumezunguka mabeseni, kila mtu amekunja nguo hadi juu ya kiwiko. Mimi nikaosha na sweta langu hivyo hivyo, mikono inachuruzika maji. Hakusema kitu. Ila Aprili nilipoacha kupokea simu zake, alipanda gari asubuhi akanifuata Sakina. Nilipofungua mlango hata salamu hakuingoja. "Mwanangu, kunja mkono."

Hakunipeleka hospitali moja kwa moja. Alinirudisha Kibosho, jioni tukaenda kwa paroko kuombewa. Nilitegemea kuambiwa nina pepo. Paroko alituombea vizuri tu, kisha akamgeukia mama mdogo: "Sala nitaendelea nazo mimi. Ninyi kesho asubuhi muwe hospitali." Sina ugomvi na maombi, nasali hadi leo. Ugomvi wangu ni na yule anayekuambia uache dawa ndipo Mungu akusikie.

Tulichagua Moshi kwa sababu ya aibu, hakuna sababu nyingine. Arusha kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, ningefika kwa bajaji. Lakini mama mdogo aliogopa nisije nikakutana na watu wa ofisini kwenye benchi la wagonjwa wa akili. Moshi kuna Mawenzi, ambayo ni rufaa ya mkoa wa Kilimanjaro, na KCMC, ambayo ni ya kanda. Tuliyokwenda siitaji, maana nina mazuri na mabaya ya kuisema. Ila hilo la kukimbia mji wako lifikirieni mara mbili. Wodini unalala kipindi tu. Kliniki unakwenda mwezi baada ya mwezi, na Moshi hadi Arusha ni kilomita kama 80. Nauli, siku nzima ya kazi, na jua la kwenye stendi kila ukiitwa.

Hofu yangu kubwa haikuwa daktari, ilikuwa polisi. Nilishasikia kwamba mwenye jeraha lisiloeleweka hatibiwi bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kwamba kujaribu kujiua ni jinai. Hilo la pili ni kweli: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinalihesabu kuwa kosa. Kwenye dirisha la mapokezi kijana akaniuliza kwa sauti, foleni nzima nyuma yangu, "Mkono umefanyaje?" Mama mdogo akawahi kujibu, "Ameungua." Tungeondoka na dawa ya kuungua kama si sista aliyekuwa anapima presha. Alinivuta nyuma ya pazia, akamwomba mama mdogo abaki nje, akaniuliza taratibu: "Ulikuwa unataka kufa?"

Watu wengi wanaogopa kuuliza hivyo wakidhani watampa mtu wazo. Halimpi. Mimi lilinitua mzigo, kwa sababu mara ya kwanza mtu aliligusa lenyewe. Nikamjibu ukweli wote, nusu zote mbili: kwamba siku nyingi sitaki kufa, nataka tu kelele za kichwani zipungue, na kwamba siku za karibuni nimeanza kutamani nilale nisiamke. Baadaye daktari aliniambia jibu lile ndilo lililoamua nilazwe. Alinieleza kwamba wengi wanaojidhuru hawana nia ya kufa, wanatafuta namna ya kuzima maumivu ya moyoni. Lakini hao hao ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kujiua siku za mbele kuliko mtu ambaye hajawahi kujidhuru, kwa hiyo mtoa huduma hatakiwi kupuuza hata nusu moja. Swali la PF3 liliulizwa, daktari akalimaliza na wenzake baada ya kusikia maelezo yangu, na hakuna askari aliyekuja kitandani kwangu. Wewe unayekaa ndani na kidonda kwa kuogopa kituo cha polisi, nenda kitengo cha dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Na ukienda, nenda umejiandaa kusema. Daktari wa kwanza unayekutana naye ana dakika chache, na ukianza na "kichwa kinauma, silali" utaandikiwa dawa za kichwa. Sema unajidhuru, tangu lini, mara ya mwisho lini, na kama unawaza kufa. Sauti ikigoma, andika kwenye simu umpe asome. Nilikuja kukutana na msichana mmoja wodini aliyefanya hivyo. Alimpa daktari kipande cha daftari na kuangalia ukutani mpaka alipomaliza kusoma.

Nililazwa kwa hiari yangu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mgonjwa anayeingia kwa ridhaa yake, na nashauri ukiweza uingie hivyo badala ya kusubiri ndugu wakubebe. Niliulizwa, nikakubali, nikasaini, na kuanzia hapo walizungumza na mimi, si na mama mdogo tu juu ya kichwa changu.

Sasa wodi. Kila mtu ana picha ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, kichwani, hata ambaye hajawahi kukanyaga Dodoma. Kwetu ukimwambia mtu "wewe wa Mirembe" ni tusi. Mimi nilitegemea minyororo na makelele. Nilichokutana nacho kwanza ni bahasha ya kaki. Sista alikaa na mimi kitandani, tukautoa mkoba wangu kitu kimoja kimoja: kioo cha poda, hereni, chanuo lenye mkia wa chuma, waya wa kuchajia simu, pini za mtandio. Kila kimoja alikitaja kwa sauti huku akikiandika juu ya bahasha, akafunga, tukasaini wote wawili. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Pini za mtandio! Lakini usiku ule nililala bila kuviwaza vitu hivyo, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho ilikuwa hivyo.

Vijiko vilikuwa vya plastiki na vilihesabiwa baada ya kula. Simu tulipewa jioni kwa muda mfupi. Mchana ni mrefu mno, hakuna anayekuambia hilo. Mnakaa kwenye benchi nje mnaangalia mawingu yakiufunika Kibo, mnarudi ndani, bado ni saa nane. Beba kitabu, beba daftari, beba khanga mbili na ndala. Usibebe kitu chenye thamani. Kuna usiku mgonjwa mmoja alipiga kelele hadi alfajiri na nikaogopa sana, sitaficha. Kulikuwa pia na mama aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua. Mumewe alimletea mtori kila siku, akakaa pembeni amembeba mtoto, anamlisha mkewe ambaye siku za mwanzo hakumtambua. Alipoanza kupata nafuu, kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mtori hauna chumvi. Wodi nzima ilicheka, na mume alicheka kuliko wote.

Nisiloridhika nalo ni kwamba madaktari walipita haraka haraka, na wodini hakuna aliyekaa na mimi kunifundisha chochote kuhusu kujidhuru kwenyewe. Nilipewa dawa, nililindwa, nililishwa, nililala. Vilihitajika, sivibezi. Ila wodi kazi yake ni kukuvusha kwenye siku za hatari. Nilidhani nitatoka nimepona, na nikatoka na msukumo ule ule, ila nimepumzika.

Aliyenipa kitu cha kuondoka nacho ni sista wa zamu ya usiku. Nilimfuata saa tisa nikamwambia hali imekuja. Hakunipa sindano. Aliniambia, "Umeshawahi kuchemsha maziwa? Yakiumuka unadhani yatamwagika yote. Ukiyaepua kidogo yanashuka." Tukasimama kwenye sinki, nikanawa uso kwa maji ya baridi, nikarudia, nikarudia tena, yeye akiangalia saa yake. Ikashuka. Si kwamba iliisha, ila ilishuka bila mimi kufanya lile jambo, na sikujua kama inawezekana.

Pesa. Nilikuwa na bima ya kazini na ililipa kitanda na dawa karibu zote. Waliokuwa hawana bima walilipa taslimu, na wasio na uwezo walipelekwa kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ofisi hiyo ipo kwenye hospitali za rufaa na ndiyo inayoshughulikia msamaha. Ndugu aende mapema, siku ya kwanza, asingoje siku ya kutoka ndipo aanze kulia na karani. Gharama iliyotuuma sisi ni ya ndugu: mama mdogo alikuwa anapanda na kushuka kutoka Kibosho kila siku na chakula, biashara yake ya ndizi ikalala.

Niliporuhusiwa nilipewa bahasha yangu ya kaki, dawa, na tarehe ya kliniki. Ushauri nasaha haukutajwa. Nikauliza, nikaambiwa nitaambiwa kliniki. Hapa ndipo ningependa usikie: omba kwa jina. Sema "naomba kuonana na mwanasaikolojia, naomba tarehe iandikwe kwenye kadi." Usipoomba, utakuwa mtu wa kuchukua dawa tu.

Kuhusu dawa nitapita haraka. Mimi nilianzishiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Inachukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi, na wiki za mwanzo nilikuwa na kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Daktari alimwambia mama mdogo kwamba kwa vijana wa chini ya miaka 25 wiki hizo za mwanzo zinahitaji uangalizi zaidi, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kabla hayajapungua. Nilishaipita miaka hiyo, bado akamwagiza dawa azitunze yeye na kunipa za siku chache chache. Nilichukia kufanywa mtoto. Ilikuwa sawa.

Niliporudi Arusha nikatafuta mshauri binafsi ili nisipande Moshi kila mara. Wa kwanza alinitoza shilingi 50,000 kwa saa, bima haikuhusika. Dakika kumi za mwanzo alitaka kuona makovu. Kisha akaniuliza kama nina mchumba, akashangaa msichana mzuri kama mimi kujiharibu, na mwishoni akataka nimwahidi mbele ya Mungu kwamba sitarudia. Nikaahidi, nani angekataa? Sikurudi kwake. Ahadi ya hivyo inakufundisha kitu kimoja tu, kuficha.

Wa pili nilimpata kliniki ya hospitali ya serikali Arusha, baada ya kuomba faili langu lihamishwe. Kijana, shati limefifia, chumba chenye mafaili hadi juu ya dirisha. Kabla ya yote alinieleza kwamba tutakayozungumza yatabaki pale, isipokuwa akiona uhai wangu uko hatarini, hapo atamwambia mtu, na ataniambia kwanza kwamba anamwambia. Makovu hakuyaulizia. Aliuliza siku ambazo msukumo ulikuja na sikufanya kitu: siku hizo nilifanya nini? Sikuwahi kujua kwamba ninazo siku kama hizo hadi alipouliza. Kwa hiyo ukikaa na mshauri mara mbili tatu na unatoka unajisikia umehukumiwa, badilisha mshauri. Usiache tiba.

Tulichofanya naye kinafanana na tiba aliyoibuni Mmarekani Marsha Linehan kwa ajili ya watu wanaojidhuru, inayofundisha mtu stadi za kuvumilia dhiki na kutawala hisia. Toleo letu lilikuwa la daftari la mia na kalamu. Kila lilipotokea tukio, au lilipokaribia kutokea, tulilirudia kinyumenyume: kabla ya msukumo niliwaza nini, kabla ya wazo nilihisi nini, kabla ya hisia kulitokea nini, na siku ile nilikula saa ngapi, nililala saa ngapi. Kazi ya kuchosha, nilikuwa nadhani ataniambia jambo zito kuhusu utoto wangu. Badala yake, baada ya kurasa nyingi, tukaona kwamba karibu kila mara nilikuwa sijala tangu asubuhi na nimetoka kusoma ujumbe wa familia kwenye simu. Ya utotoni tuliyafikia baadaye, taratibu, nikiwa na nguvu za kuyabeba.

Akaniandikisha mpango wa usalama, ukurasa mmoja kwa mkono wangu. Juu kuna dalili zangu: naacha kula, nazima simu, nafunga pazia mchana. Halafu vitu vya kufanya peke yangu: maji ya baridi usoni, kutembea hadi barabara kuu na kurudi, kukanda unga wa chapati hata kama sina njaa. Halafu mahali pa kukaa penye watu bila kulazimika kueleza kitu. Pangu ni benchi la mama anayeuza vitumbua pale mtaani. Halafu watu wa kupigia, mama mdogo wa kwanza. Mwisho, hospitali ya karibu na namna ya kufika usiku. Na kuna mstari mmoja kuhusu vitu visivyotakiwa kuwepo chumbani, ambavyo mama mdogo alikuja kuvichukua akaondoka navyo kwenye kikapu cha sokoni. Kwa mwenye umri wa chini ya miaka 18 kuna pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, haitozwi.

Nilirudia. Oktoba, na tena baada ya hapo. Mara ya kwanza nilikosa kliniki kwa makusudi kwa sababu nilishindwa kumtazama mshauri machoni. Mara iliyofuata nilienda nikamwambia kabla sijakaa. Akafungua daftari. "Haya, kulitokea nini kabla?" Hakuna mahubiri. Tukafanya kazi yetu.

Kwa ndugu: mama mdogo hakunikagua mikono tena baada ya siku ile ya Sakina. Aliniuliza tu nataka aniulize vipi. Tukakubaliana atume neno "umekula?" na mimi nijibu ukweli, nikijibu "bado" na ni jioni, anapiga. Mjomba wangu naye alikuwa na nia njema, akanieleza wenye shida kuliko mimi, akanitajia hadi yatima wa jirani. Baada ya simu yake nilikwenda moja kwa moja kwenye maji ya baridi.

Kazini niliogopa kufukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ilimradi uwe na cheti cha daktari. Nilimwomba daktari ED yangu, yaani cheti cha mapumziko ya ugonjwa, iandikwe siku za mapumziko na jina la hospitali bila jina la ugonjwa, akakubali. Mhuri wa hospitali ulitosha. Ofisini walijiamulia wenyewe kwamba ilikuwa taifodi, na niliporudi msimu umeanza hakuna aliyekuwa na muda wa kuuliza. Anayejua ni mmoja tu, dada wa mapokezi. Nilimwambia mwenyewe kwa sababu anakaa Sakina pia, na ndiye niliyempa ufunguo wa akiba wa chumba changu.